Kebo Moja Kati ya Kompyuta na Roboti

Kongwa, mkoani Dodoma, iliziona mashine kubwa mapema kuliko sehemu nyingi za Tanganyika. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha hapa mradi wa karanga, wakaleta matrekta yaliyobaki baada ya Vita Kuu ya Pili, mengine yakinunuliwa Misri na Ufilipino, na hata vifaru vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Walipanga kupanda ekari 150,000 katika mwaka wa kwanza. Walichopanda hakikufika hata sehemu moja ya kumi ya lengo hilo. Vichaka na mibuyu vilizishinda mashine, udongo wa mfinyanzi ukakauka na kuwa mgumu, mvua ikakata, na matrekta yakalala karakana yakisubiri vipuri. Januari 1951 mradi ulifutwa, ukiwa umekula takriban pauni milioni 36 za walipa kodi wa Uingereza.

Sababu za anguko lile ni nyingi. Inayomhusu mtu wa teknolojia ni hii: maamuzi yalifanywa London, mashine zikatoka mbali, na aliyekuwa shambani hakuwa na namna ya kuifanya mashine ifuate hali ya Kongwa. Kijana wa leo wa Kongwa mjini, Mlali au Kibaigwa ana nafasi ambayo fundi wa mwaka 1947 hakuwa nayo. Anaweza kushika bodi inayoenea kiganjani, akaichomeka kwenye kompyuta kwa kebo ya USB, akaiandikia mwenyewe maagizo, na akayabadilisha kesho yasipofaa. Makala hii inaeleza namna kazi hiyo inavyofanyika kwenye Linux, na hasa namna ya kutoka pale inapokwama. Maana wanaoanza wengi hukwama kabla programu yao haijafika kwenye bodi, kisha wakaishia kuhariri msimbo ambao hauna kosa lolote.

Kazi inayoeleweka hapa

Mahindi na karanga zikianikwa bila kugeuzwa, tabaka la chini hubaki na unyevu, na unyevu ndio unaolea kuvu wa Aspergillus wanaotengeneza sumukuvu. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka unyevu wa mahindi yanayouzwa usizidi asilimia 13.5, na soko kubwa la mahindi la Kibaigwa limo humu humu wilayani.

Tuseme klabu ya sayansi ya shule imeamua kuunda kigari kidogo: magurudumu mawili yenye mota, reki nyuma, kihisi cha umbali mbele, kipite juu ya turubai na kugeuza nafaka kila baada ya muda. Hakitageuza magunia mia. Lakini kina kila kilichomo ndani ya roboti kubwa: kihisi kinachosoma mazingira, mota zinazotenda, na chipu inayoamua katikati.

Chipu hiyo ndiyo maikrokontrola. Ni kompyuta nzima ndani ya kipande kimoja: kichakataji, kumbukumbu na pini za kuunganishia vifaa. Haina kioo wala kibodi. Programu yake huandikwa kwenye kompyuta ya kawaida, hugeuzwa kuwa lugha ya chipu, kisha hupakiwa kwenye kumbukumbu isiyofutika umeme unapozimwa. Arduino Uno R3, inayotumika sana kufundishia, ina chipu ya ATmega328P yenye kilobaiti 32 za kuhifadhi programu na kilobaiti 2 tu za kufanyia kazi. Raspberry Pi Pico, iliyotoka Januari 2021 kwa bei ya dola 4, ina chipu ya RP2040 yenye kilobaiti 264 za kufanyia kazi na megabaiti 2 za kuhifadhi. Kwa kigari chetu, yoyote kati ya hizo inatosha na kubaki.

Kwa nini kebo, kwa nini Linux

Zipo bodi zinazopokea programu kwa Wi-Fi, na zipo huduma zinazoandaa msimbo kwenye seva za mbali. Zina mahali pake, lakini kila moja inaongeza mtu wa kati: bando, akaunti, mnara wa simu, seva ya kampuni. Tena bodi ya Wi-Fi nayo hupokea programu yake ya kwanza kwa waya, kwa sababu bado haijui jina wala nywila ya mtandao wako. Kebo haidai bando, na pande zake mbili ziko mezani mbele yako.

Linux nayo ina sifa tatu zinazofaa hapa. Ni ya bure, na kompyuta mpakato ya mitumba iliyoelemewa na mifumo mipya bado huiendesha vizuri. Draiva za karibu bodi zote zinazouzwa madukani tayari zimo ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo wenyewe, kwa hiyo hakuna diski ya kutafuta. Na ya tatu, ambayo ndiyo nzito kuliko zote: Linux huandika waziwazi kila kinachotokea kwenye tundu la USB, na mwenye kompyuta anaweza kusoma mwenyewe.

Programu huria, ambazo Linux ni mojawapo, si ngeni kwetu pia. Mradi wa Kilinux, ulioendeshwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na kampuni ya Uswidi ya IT+46, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, Desemba 2004.

Hatua ya kwanza: kebo yenyewe

Kebo ya kawaida ya USB 2.0 ina nyaya nne ndani: umeme wa volti 5, ardhi, na nyaya mbili za data. Kebo nyingi za bei rahisi zinazouzwa na chaja za simu zina mbili za kwanza tu. Ukiichomeka bodi kwa kebo ya namna hiyo, taa yake itawaka vizuri, nawe utaamini kila kitu kiko sawa. Taa inathibitisha umeme tu. Kuhusu data haisemi lolote.

Jaribio ni rahisi. Fungua terminali, andika

sudo dmesg -w

kisha chomeka bodi ukitazama. Amri hii inaonyesha maneno ya kerneli yanapotoka. Kama kebo na bodi ni nzima, mistari kadhaa itaonekana papo hapo. Kama pametulia kimya, tatizo liko kwenye kebo, tundu au bodi, na hakuna mpangilio wa programu utakaolitatua. Mistari ikionekana huku ikilalamika “device descriptor read/64, error -71”, maana yake kompyuta imehisi kuwa kuna kitu lakini mazungumzo yanakatika. Mara nyingi ni kebo iliyochoka au tundu lililolegea. Badilisha kebo kwanza. Ukipata inayopitisha data, itie alama ya rangi na usiiazime kwa mtu wa kuchaji simu.

Hatua ya pili: kutambuana

Bodi inapochomekwa, kipingamkondo kidogo huvuta mojawapo ya nyaya za data juu, na kompyuta hujua kuna mgeni. Humuuliza maswali: wewe ni nani, umetengenezwa na nani, unafanya kazi gani? Bodi hujibu kwa namba mbili, ya mtengenezaji na ya bidhaa. Andika “lsusb” utaziona. Arduino Uno R3 halisi hujitambulisha kwa 2341:0043. Zile Uno za bei nafuu kutoka China, ambazo ndizo nyingi mikononi mwa wanafunzi wetu, hutumia chipu ya CH340 kama mkalimani kati ya USB na maikrokontrola, na hujitambulisha kwa 1a86:7523. Bodi nyingi za ESP32, ambazo ni za Wi-Fi, zina mkalimani wa CP2102, namba 10c4:ea60. Pico iliyo tayari kupokea programu huonekana kama 2e8a:0003.

Namba hizi zina faida kubwa. Duka likikuuzia bodi yenye maandishi ya Arduino halafu lsusb ikasema 1a86:7523, umeshajua ni nakala. Nakala si lazima iwe mbovu. Inafanya kazi ile ile. Lakini sasa unajua unashughulika na nini, na ukitafuta msaada utataja chipu sahihi.

Hatua ya tatu: faili ndani ya /dev

Kwenye Linux, karibu kila kifaa hupewa faili ndani ya folda ya /dev, na programu huzungumza na kifaa kwa kusoma na kuandika kwenye faili hilo. Bodi zinazofuata kanuni ya kawaida ya USB kwa mawasiliano ya seriali, kama Uno halisi na Pico yenye MicroPython (lugha ya Python kwa maikrokontrola), hupata jina la /dev/ttyACM0. Zenye wakalimani kama CH340 na CP2102 hupata /dev/ttyUSB0.

Sifuri ya mwisho ni namba ya zamu, na haidumu. Ukichomoa kebo wakati programu fulani bado imeshikilia faili, kisha ukachomeka tena, bodi inaweza kurudi kama ttyACM1, huku programu yako ikiendelea kupiga hodi kwa ttyACM0. Ukiwa na bodi mbili mezani, majina yanaweza kupishana kabisa, ukapakia programu ya mota kwenye bodi ya vihisi. Dawa ni kutumia majina yaliyo kwenye folda ya /dev/serial/by-id, ambayo huundwa kutokana na utambulisho wa bodi yenyewe na hayabadiliki. CH340 nyingi hazina namba ya pekee, kwa hiyo ukiwa na mbili zinazofanana tumia /dev/serial/by-path, inayofuata tundu ulilochomekea.

Hatua ya nne: ruhusa

Hapa ndipo wengi wanapoangukia. Bodi imeonekana, faili lipo, lakini ukibonyeza kitufe cha kupakia unaambiwa “Permission denied”. Faili hilo ni mali ya msimamizi wa mfumo na ya kikundi kinachoitwa dialout kwenye Ubuntu, Debian na Linux Mint, au uucp kwenye Arch. Mtumiaji mpya kwa kawaida hayumo. Jiunge kwa amri moja:

sudo usermod -aG dialout $USER

Kisha toka kwenye akaunti yako na uingie tena, au zima kompyuta na kuiwasha. Uanachama husomwa wakati wa kuingia. Usipotoka, amri imefanya kazi lakini wewe hutaona tofauti. Andika “groups” kuhakikisha jina la dialout limo kwenye orodha.

Kuna njia mbili za mkato ambazo mafundi wa mitaani hupeana, na zote ni mbaya. Ya kwanza ni kuendesha programu ya Arduino kwa sudo: itapakia, lakini itaacha mafaili ya msimamizi ndani ya folda zako, na kesho utapata matatizo mapya ya ruhusa kwenye miradi yako mwenyewe. Ya pili ni kufungua faili kwa wote kwa chmod 666. Itakubali leo, lakini faili la /dev huundwa upya kila unapochomeka bodi, kwa hiyo ruhusa uliyoiweka hupotea na kebo inapochomolewa. Mwalimu mwenye kompyuta kumi za klabu awaingize wanafunzi wote kwenye kikundi siku ya kwanza, suala liishe.

Hatua ya tano: nani mwingine ameshika tundu

Faili la seriali linafaa kushikwa na programu moja kwa wakati mmoja. Ukiona “Device or resource busy”, tazama kama umeacha dirisha la kusomea ujumbe wa bodi likiwa wazi kwenye programu nyingine. Thonny na Arduino, programu mbili za kuandikia na kupakia msimbo, zikifunguliwa pamoja hugombania bodi moja.

Wapo pia wanaoingilia bila wewe kuwaita. Kwenye Ubuntu 22.04 watu wengi walikuta bodi yenye CH340 inaonekana kwa sekunde moja na kutoweka. Ukisoma dmesg, jina la brltty linatajwa humo. Hiyo ni programu ya vifaa vya maandishi ya nukta nundu kwa wasioona. Kifaa kimojawapo cha aina hiyo kinatumia namba ile ile ya 1a86:7523, na brltty ikadhani imekipata. Kama hakuna mtumiaji asiyeona kwenye kompyuta hiyo, iondoe kwa “sudo apt remove brltty”. Kama yupo, usiiondoe: izime ile kanuni moja tu yenye namba hiyo kwenye mafaili ya udev, sehemu ya Linux inayosimamia vifaa vinavyochomekwa, ili programu iliyobaki iendelee kumhudumia.

Mwingine ni ModemManager, anayeshughulikia modemu za USB za kampuni za simu. Matoleo yake ya zamani hutuma maagizo ya modemu kwa kila kifaa kipya cha seriali kuona kama kitaitika, na bodi ikipokea maagizo hayo wakati wa kupakiwa inachanganyikiwa. Mijini watu hushauriana kuiondoa. Kongwa, ambako modemu ya USB huenda ndiyo intaneti pekee ya shule, ushauri huo unakata mkono unaokulisha. Badala yake andika kanuni ya udev inayoipa bodi yako alama ya ID_MM_DEVICE_IGNORE, ModemManager ataipita na kuendelea na modemu.

Hatua ya sita: butiloda

Sasa njia ni nyeupe hadi kwenye bodi. Nani anapokea programu upande wa pili? Ndani ya maikrokontrola kuna programu ndogo ya kudumu iitwayo butiloda. Kazi yake ni kama ya mlinzi wa getini: chipu inapoamka husikiliza kwa muda mfupi kama kuna mzigo unaokuja, ukija, huupokea na kuuweka kwenye kumbukumbu, usipokuja, huiachia programu iliyomo iendelee.

Kwenye Uno, muda huo ni kama sekunde moja. Ndiyo maana kompyuta inapofungua faili la seriali, waya mmoja wa ishara hubadilika hali, na kupitia kapasita ndogo huiamsha chipu upya ili butiloda isikilize kwa wakati muafaka. Programu ya kupakia iitwayo avrdude hutuma salamu, na butiloda hujibu. Jibu lisipopatikana unaona ujumbe maarufu: “stk500_getsync(): not in sync: resp=0x00”.

Ujumbe huo huwatisha watu, lakini unatoa habari njema nusu. Unasema kebo ni nzima, draiva ipo, ruhusa unayo, mkalimani anasikia. Aliyekaa kimya ni chipu iliyo nyuma yake. Sababu za kawaida ni tatu. Umechagua aina isiyo sahihi ya bodi kwenye menyu. Au bodi ni Nano ya nakala yenye butiloda ya zamani inayozungumza kwa kasi ya 57600 badala ya 115200. Menyu ina chaguo lake. Au, na hii ndiyo ya watu wa roboti, umeunganisha kitu kwenye pini namba 0 na 1. Pini hizo ndizo njia ile ile inayotumiwa na USB. Wengi huweka hapo moduli ya Bluetooth ya HC-05 ili waendeshe kigari kwa simu, kisha wanashangaa bodi haipokei programu. Chomoa moduli, pakia, irudishe.

Pico imeliepuka tatizo hili kwa namna nzuri. Butiloda yake imechongwa ndani ya chipu tangu kiwandani, na hakuna programu inayoweza kuifuta. Shikilia kitufe cha BOOTSEL, chomeka kebo, achia. Bodi itaonekana kama flashi yenye jina la RPI-RP2. Nakili faili lenye kiambishi cha uf2 ndani yake, na mara flashi inatoweka: bodi imejiwasha upya na programu mpya. Linux ikilalamika kuwa flashi imeondolewa bila utaratibu, puuza. Kwa njia hii mwanafunzi hawezi kuiua Pico kwa kukosea programu, na kwa shule yenye bodi tano kwa wanafunzi 60 hiyo si faida ndogo.

Bodi za ESP32 ziko katikati: nyaya mbili za ishara huiamsha chipu na kuiweka katika hali ya kupokea. Zikishindwa, shikilia kitufe cha BOOT wakati kompyuta inajaribu kuunganisha.

Umeme wa mota ni habari nyingine

Mpaka hapa taa inawaka na kuzima kwa amri yako. Mota zinapoingia, USB inaonekana kuharibika tena: bodi inakatika kila kigari kinapoanza kutembea, na dmesg inaandika “USB disconnect”. Mwanafunzi anarudi kwenye kebo, kwenye ruhusa, kwenye draiva. Safari hii kosa ni la umeme.

Tundu la USB 2.0 hutoa miliampea 500 kwa kawaida. Mota ndogo ya njano ya vigari vya kujifunzia ikibanwa isizunguke inaweza kuvuta zaidi ya hapo peke yake. Volti inaporomoka, chipu inazimika, mawasiliano yanakatika. Kwa hiyo mota zipewe betri yao, kupitia kiendeshi kama L298N, na pini za maikrokontrola zitoe ishara tu. Waya wa ardhi wa betri lazima uungane na wa bodi, la sivyo ishara haina pa kupimia. Usiunganishe mota moja kwa moja kwenye pini hata kwa majaribio. Na anayetumia Pico akumbuke kuwa pini zake ni za volti 3.3: kihisi cha umbali cha HC-SR04 hurudisha volti 5, hivyo kinahitaji vipingamkondo viwili vya kuipunguza kabla haijafika kwenye chipu.

Kuna jambo la usalama pia. Kwenye Uno, kufungua tu dirisha la kusoma ujumbe huiamsha bodi upya, na programu huanza mwanzo. Kama mwanzo wa programu ni kuzungusha magurudumu, kigari kitaruka mezani kikivuta kebo, na kompyuta nyuma yake. Kipandishe kigari juu ya kopo magurudumu yaelee hewani kila unapopakia, na mwanzoni mwa programu weka sharti la kubonyeza kitufe kabla mota hazijaanza.

Kufanya kazi bila intaneti

Baada ya kusakinisha, kazi yote hii haihitaji mtandao. Kinachohitaji ni siku ya kwanza: programu ya Arduino au Thonny, na vifurushi vya bodi, ambavyo kwa ESP32 hufika mamia ya megabaiti. Asiye na bando la kutosha anaweza kupakua akiwa Dodoma mjini, kisha akarudi Kongwa na mzigo wake kwenye flashi. Kwenye Linux, vifurushi vya bodi vya Arduino hukaa ndani ya folda moja iliyofichwa, .arduino15, chini ya folda yako binafsi. Inakili kutoka kompyuta moja hadi nyingine zenye mfumo kama huo, na klabu nzima itafanya kazi kwa upakuaji mmoja. Thonny iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Tartu, Estonia, imo kwenye hazina za Debian na Ubuntu. Nayo Pico inahitaji faili moja tu la uf2 la MicroPython.

Kwa anayeanza, MicroPython ina faida inayofanana na mazungumzo. Unaandika mstari mmoja, bodi inautekeleza hapo hapo kupitia kebo. Unauliza kihisi kinasoma sentimita ngapi, kinajibu. Unaiambia mota ya kushoto izunguke nusu ya kasi. Inazunguka, au haizunguki na unajua ni ya kushoto. Mkishaelewana, unahifadhi msimbo kwenye bodi kwa jina la main.py, unachomoa kebo, na kigari kinaendelea kwa betri yake.

Neno kwa walimu na vijana

Bandikeni ukutani orodha hii: kebo, utambulisho, faili, ruhusa, mshindani, butiloda, umeme, na mwisho kabisa msimbo. Kila mwanafunzi anayesema “haifanyi kazi” aonyeshe kwanza amefika hatua ipi na ushahidi wake ni upi. Mwanzoni atachukia. Baada ya wiki chache atakuwa fundi anayeweza kueleza kwa nini, na siyo anayebahatisha.

Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma mnaorudi likizo Kongwa, Mpwapwa au Chamwino, chukueni flashi yenye programu hizi na kebo moja mliyoihakikisha, mpite shule mliyosoma. Saa mbili zinatosha kuonyesha hatua zote. Na anayetaka kuanza peke yake anunue Pico moja, aweke MicroPython, aiwashe na kuizima taa iliyo kwenye bodi yenyewe kabla hajanunua mota hata moja. Taa hiyo ikimtii, njia nzima kutoka kibodi hadi chipu ni salama, na kosa lolote litakalofuata atajua pa kulitafuta.